Propela Mkononi

Sare ya jeshi la anga husomwa kuanzia kifuani. Mwenye mabawa juu ya mfuko wa kushoto ni rubani, na hata asiyejua lolote kuhusu jeshi hulitambua hilo akitazama picha tu. Fundi aliyemwandalia ndege hana kitu kifuani. Alama yake iko mkononi, kati ya bega na kiwiko, pale ambapo picha nyingi huishia. Katika Jeshi la Anga la Uingereza, RAF, alama hiyo ni propela.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili hata propela hiyo haikutolewa kirahisi. Kijana aliyeingia daraja la mwisho hakuvaa kitu mkononi, na aliyepanda daraja moja naye hakuvaa kitu. Aliyefika daraja la tatu, Leading Aircraftman, kwa ufupi LAC, ndiye aliyeruhusiwa kushona propela ya mapanga mawili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, ngazi za mafundi zilipopangwa upya, ikaja propela ya mapanga matatu, na baadaye ya mapanga manne. Waendesha redio walikuwa na beji yao tangu 1918, mkono ulioshika mafungu ya radi, ambayo wenzao waliiita konzi ya cheche. Na begani kila mmoja alivaa ndege mwenye mabawa yaliyokunjuliwa. Kwa mujibu wa wakubwa huyo ni tai. Vizazi kwa vizazi vya askari wa ngazi ya chini vimebishana kwamba ni albatrosi, na ubishi huo umeshinda kila jitihada ya kuumaliza.

Tatizo la propela ni kwamba haisemi kitu kuhusu kazi. Mtu wa injini aliyefika LAC aliivaa, mtu wa silaha aliivaa, na karani asiyewahi kushika spana aliivaa vilevile, maana LAC kilikuwa cheo cha wote. Ukiingia hanga lenye watu arobaini wenye beji moja, utamjuaje wa kumwita injini inapokoroma? Hapo ndipo lugha ya hangani ilipochukua nafasi.

Lugha hiyo ina umri sawa na majeshi ya anga yenyewe. Katika kikosi cha Royal Flying Corps, kilichoundwa mwaka 1912, cheo cha chini kiliitwa «Air Mechanic». Watu wa simu jeshini walikuwa na namna yao ya kutamka herufi ili zisikike vizuri: A ilikuwa «ack», M ilikuwa «emma». Haikupita muda fundi akawa «ack emma». Mmoja wao, James McCudden, alianza kwa kuzungusha propela na kusafisha injini mwaka 1913, akaishia kuwa rubani mwenye Msalaba wa Victoria na ndege 57 za adui kwenye hesabu yake. Mabawa hayakumtoa ufundi. Alikuwa akishinda kwenye injini ya ndege yake, akaifungia pistoni za mgandamizo mkubwa ili imfikishe juu ambako Wajerumani walidhani hakuna wa kuwafikia.

RAF ilipoundwa tarehe 1 Aprili 1918, «ack emma» alianza kusahaulika, na baadaye likaja neno «erk». Ndivyo alivyoitwa mwanajeshi yeyote wa ardhini wa daraja la chini. «Erk» aliyejulikana kuliko wote aliwahi kuwa luteni kanali mzima. T. E. Lawrence, yule Lawrence wa Uarabuni, mwaka 1922 alijiandikisha RAF kwa jina la uongo, John Hume Ross, akapewa daraja la mwisho kabisa, akafagia na kusugua vyombo kama wengine. Kitabu alichoandika kuhusu maisha hayo, «The Mint», kilitolewa kwa umma mwaka 1955, miaka 20 baada ya kifo chake, na matusi ya bwenini yaliyomo ni sababu mojawapo ya kuchelewa huko.

Ndani ya hanga, «erk» lilikuwa jina pana mno. Kila kazi ilipata lake. Fundi wa silaha, anayejaza risasi na kufunga mabomu, ni «plumber», yaani fundi bomba, ingawa hakuna bomba la maji analoligusa. Mtu wa injini ni «sooty», mwenye masizi, na ukimwona mwisho wa zamu hutauliza kwa nini. Mtu wa bodi ya ndege ni «rigger». Hilo lilikuwa jina rasmi, limetoka kwenye merikebu za matanga, kwa sababu ndege za kwanza zilikuwa mbao, kitambaa na nyaya zilizotaka kukazwa na kulegezwa na mtu mwenye jicho la baharia. Wa umeme ni «lecky». Wa parachuti na maboya ya kuvaa ni «squipper». Wa stoo ni mpanga mablanketi. Na wale wa redio, rada na elektroniki wanaitwa «fairies», vijini vidogo vya hadithi za Kizungu, kwa kuwa wenye spana nzito hawaoni wanachofanya. Wanafungua kisanduku, wanakitazama kwa vifaa vyao, wanakifunga, ndege inapona. Wenye spana wana shaka kama hiyo ni kazi.

Juu ya wote yuko «Chiefy», sajenti mwandamizi anayeendesha hanga. Neno hili lina heshima na mapenzi ndani yake. Ofisa mhandisi anaweza kuwa na cheo na shahada, lakini Chiefy ndiye anayejua ndege ipi inadanganya.

Kwangu mimi majina haya ni beji bora kuliko zile za kitambaa. Yana kejeli, lakini yanalenga. Yanamwambia mgeni kwa neno moja mtu anafanya nini, anachafuka kwa kitu gani, na wenzake wanamwonea wivu au wanamhurumia kwa lipi. Na hayatolewi ofisini. Kijana aliyetoka chuoni jana hajiiti «plumber». Husubiri wenye jina walitamke wao.

Kusubiri huko kulikuwa na mateso yake. Mgeni alitumwa stoo kuleta kopo la rangi ya mistari, au nyundo ya kioo, au bisibisi ya mkono wa kushoto. Kwa Wamarekani alitumwa na ndoo kuchota upepo wa propela. Mtu wa stoo, aliyeujua mchezo, humjibu kwa uso mkavu kwamba ya mistari imekwisha, ajaribu hanga la pili. Kijana angeweza kuzunguka kambi nzima asubuhi yote. Aliyerudi akicheka alikuwa amefaulu mtihani ambao haumo katika mtaala wowote.

Mtaala wenyewe ulikuwepo, tena mgumu. Mwaka 1920 Hugh Trenchard, mkuu wa RAF, alianzisha mpango wa kuwachukua wavulana wa miaka 15 na 16 na kuwafanya mafundi kwa miaka mitatu. Makao yake makubwa yakawa Halton, kusini mwa Uingereza. Wavulana hao walivaa mkononi beji ya shaba, propela ndani ya duara, wapate kutofautishwa na watu wazima. Jeshi lote likawaita watundu wa Trenchard, na wao wakaligeuza tusi hilo kuwa fahari. Mpango uliendelea hadi 1993. Frank Whittle, aliyeomba hati miliki ya injini ya jeti mwaka 1930, alipitia mpango huohuo katika kambi ya Cranwell, na mara ya kwanza alikataliwa kwa ufupi wa kimo.

Mtundu mwingine wa Trenchard aliitwa Thomas Gray. Alisomea injini Halton, akawa fundi, kisha akaanza kuruka. Kabla ya vita hilo lilikuwa jambo la kawaida. Mtu alikuwa fundi asubuhi na mpiga bunduki wa ndege mchana, akaongezewa senti chache kwa siku na kupewa beji ya shaba yenye risasi iliyoota mabawa. Risasi hiyo nayo ilivaliwa mkononi. Machoni pa jeshi alibaki kuwa mtu wa ardhini aliyepanda ndege kwa muda.

Tarehe 12 Mei 1940 Wajerumani walikuwa wakivuka madaraja ya Mfereji wa Albert karibu na Maastricht. Skwadroni ya 12 ya RAF iliitisha watu wa kujitolea kwenda kuyapiga mabomu kwa ndege aina ya Fairey Battle, nzito na za polepole, kila moja ikiwa na watu watatu. Mojawapo ilirushwa na Donald Garland. Sajenti Gray alikuwa mwongozaji wa njia. Nyuma, kwenye bunduki, alikaa Lawrence Reynolds, LAC. Wote watatu walikufa. Garland na Gray walitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa nchini mwao. Reynolds hakutunukiwa kitu.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba mpiga bunduki hakuwa katika nafasi ya kufanya uamuzi. Lakini alijitolea kama wenzake, na alikaa kwenye ndege ileile chini ya mizinga ileile. Baadaye mwaka huohuo RAF iliamua kwamba kila anayeruka vitani atakuwa angalau sajenti. Kwa Reynolds uamuzi huo ulichelewa, na mpaka leo wapo Waingereza wanaoona kwamba alidhulumiwa. Nami niko upande wao.

Waliobaki ardhini vita yao ilihesabiwa kwa dakika. Spitfire ya kwanza ilikuwa na bunduki nane, kila moja na risasi 300, na zote zilikwisha kwa kufyatua sekunde 15 hivi. Kabla ya kuruka, mafundi wa silaha walibandika vipande vya kitambaa chekundu kwenye midomo ya bunduki ili baridi ya juu isizigandishe. Rubani akifyatua, vitambaa vinatoboka, na wakati wa kurudi upepo hupiga mluzi kwenye matundu hayo. Waliokuwa chini waliusikia mluzi kabla hawajamwona rubani usoni, wakajua kwamba huyu amepigana. Mikanda ya risasi ikaanza kubebwa kabla magurudumu hayajagusa nyasi. Lori la mafuta likasogea, kifuniko cha injini kikafunguliwa, mmoja akabadilisha oksijeni, mwingine akafuta kioo, maana doa moja la mdudu juu ya kioo hufanana sana na ndege ya adui iliyo mbali. Kisha mtu wa injini na mtu wa bodi wakamfunga rubani mikanda na kuleta kigari cha betri cha kuwashia injini.

Ndiyo maana mafundi husema, Uingereza na Marekani pia, kwamba ndege ni yao, rubani ameazima. Katika jeshi la anga la Marekani jina la fundi mkuu wa ndege huchorwa kwenye bodi yake pamoja na la rubani, kwa hiyo dai hilo lina ushahidi wa rangi.

Kikosi cha wanawake, WAAF, nacho kilitoa mafundi wengi. Mmoja wao, Margaret Horton, ana kisa ambacho kingeonekana cha kutunga kama ndege yenyewe isingekuwepo hadi leo. Siku za upepo, Spitfire ikitembea ardhini, fundi mmoja alikalia mkia ili usiinuke, kisha akaruka chini ndege inapofika mwanzo wa njia. Februari 1945, kwenye kiwanja cha Hibaldstow, rubani Neill Cox hakusubiri. Horton aliruka hewani akiwa amelala juu ya mkia, ameukumbatia. Rubani alihisi tu kwamba ndege ni nzito nyuma. Akazunguka, akatua, na Horton akashuka mzima. Spitfire hiyo ni AB910, na ilihifadhiwa katika kikosi cha kumbukumbu cha RAF.

Msamiati wa vita hivyo ulitapakaa hadi nje ya hanga. Ndege ikawa «kite», tiara. Habari ikawa «gen», na habari ya uongo «duff gen». Ndege iliyonyofolewa vipuri hadi ikakaa miezi bila kuruka, kwa Wamarekani ni malkia wa hanga. Lakini neno lililosafiri mbali kuliko yote ni «gremlin», jini dogo linaloharibu ndege pasipo sababu. Na hapa Afrika Mashariki inaingia. Roald Dahl alikuwa Dar es Salaam, mtumishi wa kampuni ya mafuta ya Shell anayejua Kiswahili, vita vilipoanza. Mwishoni mwa 1939 aliendesha gari hadi Nairobi akajiunga na RAF, akajifunzia kuruka hapohapo Nairobi kwa ndege ndogo za Tiger Moth. Mwaka uliofuata aliangusha ndege katika jangwa la magharibi mwa Misri, akaumia vibaya. Alipopelekwa Washington aliandika hadithi ya majini hayo ya hangani. «The Gremlins» ilitoka mwaka 1943 kwa ushirikiano na Walt Disney, na kilikuwa kitabu chake cha kwanza cha watoto.

Mafundi walilihitaji sana jini hilo. Rubani anarudi akisema injini imekatakata angani. Inawashwa ardhini, inanguruma vizuri. Inawashwa tena, vizuri zaidi. Mwenye gari bovu analijua jambo hili, maana gari huacha kulia mara tu fundi anapokuja. Kwenye karatasi fundi ataandika kwamba hakuona hitilafu. Hawezi kuandika kwamba rubani anaota, na hawezi kuapa kwamba ndege ni nzima. «Gremlin» lilikuwa jibu la adabu kwa pande zote mbili.

Kuna mahali pamoja ambapo beji ya kitambaa na jina la utani vimekuwa kitu kimoja, nalo ni sitaha ya manowari ya kubeba ndege ya Marekani. Kelele pale haziruhusu mazungumzo, kwa hiyo kazi husemwa kwa rangi ya fulana na ishara za mikono. Njano huongoza ndege. Buluu huzisukuma, kuzifunga minyororo na kuweka magogo ya magurudumu. Kijani ni wa mitambo ya kurushia na kunasia ndege, na mafundi wa matengenezo. Kahawia ni mwangalizi wa ndege moja, mara nyingi kijana wa miaka 19 au 20 aliyekabidhiwa chombo cha mamilioni ya dola. Zambarau ni watu wa mafuta, na wanaitwa zabibu. Wanalipenda jina hilo. Nyekundu ni silaha na uokoaji. Watu wa silaha huandika mgongoni herufi saba, IYAOYAS, ambazo kwa tafsiri ya heshima zina maana kwamba kama hushughuliki na silaha, wewe si kitu. Tafsiri isiyo ya heshima nawaachia wao.

Majivuno hayo yana gharama. Tarehe 29 Julai 1967, katika Ghuba ya Tonkin, roketi ilifyatuka yenyewe kwenye sitaha ya USS Forrestal na kugonga ndege iliyojaa mafuta. Gerald Farrier, mkuu wa wazima moto wa sitaha, alikimbilia mabomu yaliyokuwa yakiungua akiwa na kizimamoto cha mkononi. Bomu la kwanza lililipuka baada ya dakika moja na nusu hivi, likamuua pamoja na karibu kundi lake zima. Waliokufa siku hiyo ni 134. Shule ya kuzima moto ya jeshi la wanamaji huko Norfolk ilipewa jina lake.

Kila asubuhi kwenye sitaha hizo, na kwenye viwanja vya nchi kavu, utaona mstari wa watu wakitembea bega kwa bega, macho chini. Wanatafuta skrubu, kokoto, kipande cha waya, chochote ambacho injini ya jeti inaweza kukivuta ikajikata yenyewe. Katika mstari huo vyeo huchanganyika. Kwa sababu hiyohiyo kila kifaa ndani ya sanduku la fundi kina tundu lenye umbo lake, na bisibisi moja ikikosekana jioni, ndege hairuki mpaka ionekane.

Kisha fundi anatia sahihi. Katika RAF kitabu cha kila ndege kinaitwa Fomu 700. Wa injini husaini sehemu yake, wa silaha yake, wa umeme yake, na rubani husaini mwisho kwamba ameipokea. Ndege ikianguka, kitabu hicho hushikwa mara moja, na majina yaliyomo huitwa moja moja. Hakuna propela mkononi yenye uzito wa sahihi hiyo.

Mwaka 2022 RAF ilifuta majina ya madaraja yaliyobeba neno la kiume, LAC likiwamo, na kuwaita wote wataalamu wa anga wa daraja hili na lile. Propela zilibaki.

Hapa kwetu hanga zilirithi mengi ya haya. Jeshi la Anga la Kenya liliundwa tarehe 1 Juni 1964 kwa msaada wa RAF, kwenye kambi ya Eastleigh, Nairobi. Tanzania iliwapata wakufunzi wa Kanada katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, kisha Wachina na ndege zao, na fundi aliyezoea mitambo ya hawa ikambidi ajifunze ya wale. Kenya pia ilionja uchungu wa pengo kati ya kifua na mkono. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa vyeo vya chini wa jeshi la anga, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, walijaribu kupindua serikali, na huko Nanyuki iliwabidi wawalazimishe marubani kuruka. Baada ya hapo jeshi zima lilivunjwa, likaundwa jingine lililoitwa '82 Air Force, na jina la zamani lilirudi mwaka 1994.

Waingereza wameandika kamusi za maneno ya hanga zao. Yetu yako midomoni mwa wastaafu, na wastaafu wanapungua. Kama una baba, shangazi au jirani aliyewahi kushika spana Eastleigh, Nanyuki, Ngerengere au Mwanza, muulize mtu wa injini walimwitaje, wa silaha walimwitaje, na mgeni alitumwa kuleta kitu gani stoo. Andika majibu yake kama alivyoyatamka, bila kuyasafisha.